Dalali wa seva zangu mbili

Msimu wa mahindi ulipopamba moto, mfumo wa kupokelea mzigo kwenye ghala letu hapa Kibaigwa, mji wa soko la mahindi mkoani Dodoma, ukawa unakwama kila ifikapo saa nne asubuhi. Malori yamepanga foleni hadi barabarani, karani anabonyeza, kiduara kinazunguka tu. Seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, ilikuwa moja. Nikaongeza ya pili, nikaamua kuweka Nginx, programu inayopokea maombi ya watumiaji na kuyagawa kwa seva, mbele ya zote mbili.

Nginx iliandikwa na Mrusi, Igor Sysoev, ikatolewa kwa umma mwaka 2004. Mkazi wa Kibaigwa hahitaji maelezo mengi kuielewa: ni dalali. Mnunuzi anaongea na dalali, gunia limetoka shamba gani hajui. Ila dalali huyu hadai chake.

Kuiandaa hakukunitoa jasho. Kifungu cha upstream chenye anwani za seva mbili, kisha proxy_pass, agizo la kuzipelekea maombi, nikahakiki mipangilio kwa nginx -t, nikaenda kulala nikijisifu.

Asubuhi simu ikaita. Mama wa mizani.

"Mwanangu, huu mtambo wako unanifukuza!"

Anaingiza nywila, inakubali, akifungua ukurasa mwingine anaambiwa aingie upya. Kumbe Nginx, usipoipa maelekezo mengine, hugawa maombi kwa zamu: hili seva A, linalofuata seva B. Na kila seva ilikuwa inatunza kumbukumbu za walioingia kwenye diski yake yenyewe. A inamjua mama, B haijawahi kumwona.

Nikaongeza ip_hash, ambayo humrudisha mtumiaji kwenye seva ile ile kwa kuangalia anwani yake. Kelele zikaisha. Lakini saa nne mfumo ukakwama vilevile! Kuchungulia, A inahema, B imelala usingizi. Hapo nilihangaika karibu siku nzima, hadi nikarudi kusoma maelezo ya Nginx polepole: kwa IPv4, yaani anwani zenye mafungu manne ya namba, ip_hash hutazama mafungu matatu ya kwanza tu ya anwani. Makarani wetu wote wako kwenye mtandao wa ndani, 192.168.1 na kitu. Kwa Nginx, ghala zima lilikuwa mtu mmoja.

Dawa haikuwa kwa dalali kabisa. Nilihamishia kumbukumbu za kuingia kwenye hifadhidata inayosomwa na seva zote mbili, nikaifuta ip_hash, zamu zikarudi.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Picha za stakabadhi zilikataliwa kwa kosa la 413 (ombi ni kubwa mno) kwa sababu kikomo cha kawaida ni megabaiti 1, nikapandisha client_max_body_size. Nikaongeza na X-Real-IP, inayobeba anwani halisi ya mtumiaji, maana kwenye logi za seva, daftari la maombi, kila ombi lilionekana limetoka kwa Nginx yenyewe.

Siku ya soko, bila kumwambia mtu, nikaizima programu kwenye seva B, nikakimbilia mizani kuona. Nilimkuta mama akimfokea dereva aliyeegesha vibaya. Stakabadhi zinatoka kama kawaida.