Grisi ya gari kwenye mpira wa bomba

Simu iliita mara tu baada ya swala ya alfajiri, sijamaliza hata kikombe cha kahawa barazani kwetu Ngamiani, mjini Tanga. Alikuwa mzee wa kamati ya maji ya kijiji kimoja huko juu, njia ya kwenda Amani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Maji yako yamelala nje."

Hakuongeza neno. Miezi mitano kabla ya hapo nilikuwa nimewalazia bomba la plastiki la milimita 110, kutoka tangi la kilimani mpaka vilula vya kijijini. Tulilijaribu kwa presha mara moja na nusu ya ile ya kazi, wala halikutoa tone. Nikapanda basi la Muheza, kisha pikipiki, na njia nzima najiuliza ni kiungo gani.

Saa ile ya alfajiri ilikuwa imeshanipa jibu nusu. Tangi liko kama mita 70 juu ya kilula cha chini kabisa. Kila mita 10 za kimo cha maji ni karibu bar 1 ya presha, kwa hiyo kule chini kuna bar 7. Mchana watu wakichota, sehemu ya nguvu hiyo inapotelea njiani. Usiku vilula vimefungwa, maji yamesimama, bar 7 zote zinaegemea viungo vya chini. Bomba bovu huvuja watu wamelala.

Tulifukua kiungo cha kwanza, nikachomoa bomba, nikaitoa pete ya mpira inayozuia maji kwenye kiungo. Ilikuwa imevimba na kulegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Niliinusa: grisi. Mpwa wangu, ambaye ndiye saidia fundi wangu, akakumbuka siku sabuni ya kulainishia pete ilipotuishia nami nimepanda tangini kusimamia zege. Mwenye pikipiki alikuwa na kopo la grisi ya gari, akampa. Mabomba yaliingia kwenye soketi, ule mdomo mpana wa bomba unaopokea bomba lingine, kwa ulaini wa ajabu. Kijana hakukosea kwa uvivu. Mimi ndiye sikumwambia.

Mafuta ya petroli, kama yaliyomo kwenye grisi ya gari, na raba ya asili havikai pamoja. Raba inayanywa polepole, inavimba, inapoteza nguvu ya kurudi mahali pake. EPDM, mpira wa kiwandani ambao ndio mzuri sana kwa maji safi, nao ni hivyohivyo: maji na jua unavumilia miaka, grisi hapana. Unaostahimili mafuta ni nitraili, na ndiyo maana utaukuta kwenye pampu za dizeli. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza mpira huo ni wa nini. Pete ya kiwango cha Ulaya ina maandishi EN 681-1 na herufi mbili: WA ni kwa maji baridi ya kunywa, WG ni ule unaostahimili mafuta. Ukitaka kulainisha, tumia sabuni ya maji au ile pasta ya mabomba inayouzwa kwa kazi hiyo. Mimi hata mafuta ya nazi siyaweki.

Kuna jambo la madukani linaniumiza. Pete zinatundikwa msumarini mlangoni, zimevutika kwa uzito wake zenyewe, jua la Tanga linazipiga kutwa. Raba ya asili haipendi jua wala ozoni ya hewani, na ikiwa imevutwa ndiyo inapasuka upesi. Nikinunua naikunja pete iangaliane, nakodolea upande wa nje wa mkunjo. Nikiona nyufa ndogondogo kama za udongo uliokauka, naiacha hapohapo. Pete ya zamani iliyotoka kwenye bomba siirudishi kamwe. Ilishabanwa miaka, imekuwa bapa, haina tena kile kinachosukuma. Na kiraka cha tyubu ya baiskeli kwenye bomba la presha, tafadhalini, ndugu zangu.

Mchana mke wa mzee alituletea ugali na kisamvu cha mpira, kimeungwa nazi. Nikatazama miti iliyokuwa nyuma ya jiko lake. Ni mpira kweli, ule uliopandwa kwa wingi mkoani kwetu enzi za Wajerumani kwa ajili ya utomvu wake. Bei ya mpira duniani ilipoporomoka mwaka 1913 mashamba yakafa, miti ikabaki, bibi zetu wakachuma majani. Nilikula nimeishika ile pete iliyovimba mkono wa kushoto.

Nilimweleza mpwa wangu tangu mwanzo, jambo nililopaswa kulifanya zamani. Wengi wanadhani pete inazuia maji kwa sababu imebanwa sana. Kubanwa ni mwanzo tu. Pete hizi zina mdomo, na mdomo huo lazima uelekee ndani ya soketi, uyatazame maji. Maji yakija kwa nguvu yanauingia, yanaupanua, yanaukandamiza kwenye ukuta wa bomba. Presha ikipanda na mdomo unazidi kukaza. Ukiipachika pete kinyume, maji yaleyale yanaukunja mdomo na kupita zake. Na ncha ya bomba lazima ichongwe kwa tupa iwe na mteremko, la sivyo inaiburuta pete kutoka kwenye mfereji wake, na wewe huoni.

Halafu kuna alama ya kalamu, unayoichora kwenye bomba kuonyesha liingie mpaka wapi. Ukisukuma bomba mpaka ligonge mwisho, umekosea. Bomba la mita 6 likiongezeka joto la nyuzi 25 linarefuka kama milimita 10, nalo linataka pa kwenda.

La mwisho nilimpeleka kwenye kona akaone mwenyewe. Pete inazuia maji, haizuii bomba lisichomoke. Kwa bar 7, mwisho wa bomba la milimita 110 unasukumwa kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 680, na kwenye kona ya mraba inafika zaidi ya 900. Kuizuia nguvu hiyo ndiyo kazi ya lile tofali kubwa la zege linaloegemea udongo mgumu. Lile letu lilikuwa halijatikisika, nikashukuru Mungu.

Tulibadilisha pete za viungo 11, vyote vya siku ile ya grisi. Kila bomba tulilifuta kwa sabuni na vitambaa safi, soketi vilevile, maana pete mpya ikikutana na mabaki ya grisi yanarudi yaleyale. Tukajaza maji polepole, hewa itoke, mtaro tukauacha wazi. Saa kumi usiku, vilula vyote vimefungwa, tulipita na tochi. Mpwa wangu alipitisha kiganja chini ya kila soketi, kisha akakigeuza kwenye mwanga nikione. Kikavu. Kumi na moja, vyote vikavu.