Siku moja na daftari la michango ya mafuriko

Saa 11 alfajiri, kabla ya chai, ninapakua taarifa ya miamala ya usiku ya kikundi chetu hapa Mbeya na kuilinganisha mstari kwa mstari na daftari. Tunachangia kaya zilizofikwa na mafuriko wilayani Kyela, ambako mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka milima ya Rungwe na kuingia kwenye uwanda ulio kandokando ya Ziwa Nyasa, kiasi kwamba masika yakizidi, maji hutapakaa kwenye mashamba ya mpunga na nyua za watu.

Saa 2 asubuhi ninaweka kwenye kundi la WhatsApp jumla ya makusanyo, matumizi na salio. Namba za simu za wachangiaji ninazifuta kwanza, na asiyetaka kutajwa huandikwa "msamaria mwema".

Saa 3 alipiga simu mzee mmoja wa Uyole. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, kisha akauliza, "Mwanangu, nitajuaje kwamba namba hii si ya matapeli?" Nilimwambia, "Baba, kabla hujaingiza namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Lisipokuwa la kikundi, acha." Hofu yake ina msingi. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, viongozi wawili walitenguliwa kwa tuhuma za kufungua akaunti ya michango yenye jina linalofanana na ile rasmi.

Kabla ya adhuhuri uliingia ujumbe kwamba tumepokea shilingi 300,000, na dakika chache baadaye kijana akapiga akidai kwamba amekosea namba, tumrudishie haraka kwa sababu ana mgonjwa. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, si kwa jina la mtandao, na salio letu halikuwa limeongezeka hata shilingi moja. Nilimshauri awasiliane na huduma kwa wateja ya mtandao wake. Akakata simu.

Saa 8 mchana nilikuwa sokoni Mwanjelwa na wenzangu wawili, kwa kuwa hatununui mtu akiwa peke yake. Tulichukua unga, ndoo zenye mifuniko, sabuni, taulo za kike na dawa ya kutibu maji, maana visima vikishafunikwa na mafuriko, kuhara na kipindupindu havichelewi. Muuzaji wa ndoo alitaka kutuandikia risiti ya mkono. Tulisubiri hadi mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, ikapata mtandao. Nguo kuukuu tunazikataa kwa heshima. Kuzichambua na kuzisafirisha hadi Kyela hula fedha ambazo zingenunua unga, na baadhi yake, kusema kweli, mwenyewe asingezivaa.

Mzigo unapokelewa na kamati ya maafa ya wilaya, ambayo ina orodha ya kaya kutoka kwa watendaji wa vijiji, ili wanaokaa kando ya barabara wasipate mara mbili.

Saa 3 usiku nilipokea hati ya makabidhiano ya mzigo uliotangulia, ikiwa imesainiwa na kugongwa muhuri. Mwanakikundi mmoja alitaka tuongeze picha za watoto wakilia, kwa hoja kwamba bila picha hizo michango hupungua. Ni kweli hupungua. Niliweka hati, risiti na picha ya magunia, nikaandika salio la siku.