Jirani Yuko Wapi?

Bibi aliingia dukani na mjukuu wake mwezi wa 11 mwaka 2013, saa zile ambazo jua la Dodoma linamfukuza kila mtu barabarani. Nilikuwa nauza steshenari nyuma ya Soko la Majengo: kompyuta moja, printa moja, na mashine ya fotokopi iliyogoma kila vumbi lilipozidi. Kuchapa ukurasa ilikuwa Sh. 500.

"Mbukwenyi," alitusalimia wote kwa pamoja, mimi na vijana wawili waliokuwa wanasubiri kutoa kopi za vyeti. Nikampa shikamoo, nikamsogezea stuli. Alikuwa ametoka kijiji kimoja cha upande wa Mvumi, na vumbi la njia nzima lilikuwa bado liko kwenye khanga yake.

Mjukuu alikuwa mwanafunzi wa chuo. Barua alishaiandika kwenye daftari, kwa hiyo yangu ilikuwa kuchapa tu. Inakwenda kwa Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi la Kijiji. Nikaanza:

"YAH: CHANGAMOTO YA MIPAKA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kumekuwepo na changamoto ya muingiliano wa mipaka ambayo kwa namna moja ama nyingine imepelekea kutokuwepo kwa mahusiano mazuri baina ya pande zote mbili. Hivyo basi, tunaomba suala zima la mipaka liweze kufanyiwa kazi."

Barua za namna hii nilikuwa nimezichapa mpaka vidole vilizijua bila macho. Tajiri wangu alikuwa na faili kwenye kompyuta, "barua mfano", ambalo lilishaandikwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu" na mwishoni "Naomba kuwasilisha". Mteja anabadilisha jina na tarehe tu. Sikuwahi kuelewa kwa nini barua ya mnyonge ianze kwa kumwamuru ofisa ahusike. Lakini hilo nililizoea. Lililokuwa linanikera hasa ni "suala zima". Ukiwasikiliza, hakuna elimu, kuna suala zima la elimu. Hakuna choo, kuna suala zima la vyoo. Hujawahi kusikia mtu anazungumzia nusu ya suala. Na hiyo "imepelekea"! Unampelekea mtu kitu, unampelekea bibi unga. Sasa mvua inapelekea mafuriko, ulevi unapelekea ajali, kana kwamba kila balaa lina tarishi wake.

Masaa na lisaa limoja nilishawasamehe watu. Hata anayechanganya kura na kula sina neno naye, maana huyo kinachomponza ni ulimi wa kwao, na kila mtu ana kwao. Kiswahili cha bibi yule, kwa mfano, kilikuwa kimepita kwenye Kigogo kwanza ndipo kikafika kwangu, na sikupoteza hata neno moja.

"Nisomee," bibi alisema.

Nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho, mkono shavuni. Nilipomaliza akaniambia nirudie. Nikarudia, polepole.

"Jirani yuko wapi?"

Mjukuu akaniangalia. Nami nikaangalia skrini, kana kwamba jirani angetokea.

"Bibi, yumo," kijana akajibu. "Hapo paliposemwa pande zote mbili."

"Pande zote mbili nani? Mimi nimeng'oa minyaa ya mtu?" Akanigeukia mimi. "Mwanangu, humo umesoma minyaa?"

"Hapana, bibi."

"Mmm. Sasa wamshitaki nani, mpaka?"

Vijana wa vyeti wakaacha kuangalia simu zao.

Mjukuu alijitetea kwa adabu, nampa haki yake. Alisema hiyo ndiyo lugha ya kiofisi, kwamba ukiandika vile watu wanavyoongea nyumbani, wakubwa watakuona mshamba, barua itawekwa chini ya nyingine.

"Mimi ni mshamba," bibi akasema. "Ndiyo maana nadai shamba."

Nilicheka, siwezi kusema uongo. Hata mjukuu alitabasamu, ingawa alijitahidi kuficha. Bibi akaniambia nifute yote. Nikafungua ukurasa mpya, naye akaanza kusema, nami nikachapa anavyosema, nikitengeneza tu nukta na herufi kubwa:

"Marehemu mume wangu alipanda minyaa kuonyesha mwisho wa shamba letu. Mwaka jana mvua za kwanza, jirani yangu aliing'oa, akaingia ndani hatua kumi na tano, akapanda uwele. Nilimwambia, akacheka. Mwaka huu ameshaberega tena palepale na mvua iko karibu. Visiki vya minyaa vipo, njooni mvione. Nataka arudi kwake kabla hajapanda."

Kuberega, kwa watu wa Dodoma, ni kusafisha shamba kabla ya kupanda. Jirani alitajwa kwa jina lake na la baba yake. Mimi ndiye sikuliandika hapa.

Nilimuuliza kama nimwekee "Husika na kichwa cha habari". Akauliza ni nini hicho. Nikamwambia ni salamu ya barua. "Basi weka shikamoo," akasema, "mwenyekiti amenizidi umri." Mjukuu akashika kichwa. Nikaiweka. Mpaka leo ndiyo barua pekee niliyochapa ya kwenda kwenye baraza lolote yenye shikamoo juu.

Mjukuu hakukata tamaa. Alisema angalau lile neno changamoto libaki, kwa heshima. Hapo nikajitia kati, kazi ambayo silipwi. Nikamwambia, kaka, changamoto ndani yake kuna kuchangamka. Bibi hapa amechangamshwa na nini? Ameibiwa hatua kumi na tano. Sijui kama alinielewa au alichoka tu. Siku hizi ukiugua una changamoto ya afya, ukifiwa umepata changamoto, na daladala likipinduka kondakta atakwambia tumepata changamoto kidogo njiani. Neno limebebeshwa mzigo wa maneno mengine yote, nayo yamekaa bure: shida, kero, tatizo, dhuluma, njaa, ubovu. Dhuluma lina mdhulumu. Changamoto haina mwenyewe, na nadhani ndiyo maana inapendwa maofisini.

Bibi alikuwa na hoja nyingine ambayo sikuitegemea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Namba ya sheria bibi hakuijua, ila wajumbe aliwajua mmoja mmoja. "Barua itasomwa kwa sauti," alimwambia mjukuu. "Wale mama watatu wanaijua minyaa ile, walipita pale wakienda kuchota maji tangu wasichana. Wakisikia minyaa watakumbuka. Wakisikia hiyo ya kwako watasinzia."

Nikachapa nakala mbili. Akaomba wino, akatia dole gumba, akafuta kidole kwenye ukingo wa stuli yangu, ambako alama ile ilikaa muda mrefu kwa sababu sikuwa mtu wa kufuta vitu. Alilipa kwa sarafu zilizofungwa kwenye pindo la khanga. Nilikataa ya nakala ya pili, akaniwekea mezani kwa nguvu.

Mjukuu alirudi peke yake baada ya mavuno. Alinieleza kwamba baraza lilikwenda shambani, likaviona visiki, na mzee mmoja akapima kwa miguu huku jirani akilalamika kwamba hatua za mzee ni ndefu mno. Wakampunguzia moja. Zilizobaki zikarudi kwa bibi, na minyaa mipya ikapandwa mbele ya wajumbe.

"Sasa leo nikusaidie nini?" nikamuuliza.

Alikuwa anatafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, anataka barua ya maombi.

"Tuandikeje? Kama ya bibi?"

"Hapana, kaka," akasema haraka. "Niwekee ile ya kawaida."

Nikafungua "barua mfano", nikabadilisha jina na tarehe. Sh. 500.