Siku moja na bomba mgongoni: kazi ya kuua viroboto Dar es Salaam

Saa 11 na nusu alfajiri. Kabla ya chai nakagua bomba. Ni la mgongoni, lita 16, na kinachoanza kuchoka ni washa ya mpira kwenye mkono wa kupampu. Ikikauka, presha inashuka na dawa inadondoka matone badala ya kutoka kama mvuke. Natia maji matupu lita 2, napampu, naangalia maunganio kama yanavuja. Mkoba nao una vyake: ovaroli, gambuti, glavu, barakoa yenye chujio la mkaa, tochi, makopo mawili ya dawa, kipimio cha mililita, chanuo la meno membamba, bakuli jeupe, sabuni ya vyombo na soksi nyeupe ndefu. Soksi huchekesha wateja. Lakini ukizivaa juu ya suruali hadi chini ya goti na kutembea polepole chumbani, kiroboto akiruka juu yake unamwona hapo hapo, na hutabishana tena na mtu kama ni viroboto au kunguni. Kunguni haruki. Halafu kunguni huuma usiku sehemu yoyote iliyo wazi, wakati viroboto hupenda vifundo vya miguu na muundi.

Saa 2 asubuhi, Sinza, ni marudio ya kupuliza. Vyumba viwili, wenyewe wamefagia kila siku, mikeka imeanikwa, paka katiwa dawa. Soksi ziko safi, napuliza kingo za sakafu kando ya ukuta, naondoka.

Saa 4 niko Tabata, na hapa ndipo siku inapokwama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, ile dawa yako ilikuwa maji. Viroboto wamezidi."

Hii kauli kila anayefanya kazi hii anaijua, na mara nyingi huja kati ya siku ya saba na ya ishirini baada ya kupuliza. Sababu ni moja. Kiroboto wa paka hupitia yai, buu, kifuko, kisha mdudu mzima. Jike akishanyonya damu huanza kutaga baada ya siku moja na nusu hivi, na akikolea hufikisha mayai 40 hata 50 kwa siku. Mayai hayanati kwenye manyoya. Yanateleza na kudondoka popote paka anapolala, anaporuka, anapojikuna. Kwa joto na unyevu wa Dar yanaanguliwa ndani ya siku chache. Buu hukimbia mwanga, huingia chini ya kapeti, kwenye nyufa za saruji, uvunguni, na hula vumbi pamoja na kinyesi cha viroboto wazima, ambacho ni damu iliyokauka. Kisha hujifungia kwenye kifuko cha nyuzi zinazonata, mchanga na vumbi vikigandamana juu yake. Dawa ninayopuliza inaua mzima na buu. Ndani ya kifuko haifiki. Huyo anasubiri, wiki mbili, mwezi, hata miezi mitano, mpaka asikie mtikisiko, joto na pumzi ya kiumbe, ndipo anatoka na njaa.

Kwa hiyo wanaoruka leo si wale wa juzi waliofufuka. Ni wapya, na wakipita kwenye sakafu yenye dawa watakufa, mradi dawa bado ipo. Nikamuuliza swali linaloudhi wateja kuliko yote: "Mama, deki mmepiga?"

Imepigwa. Kila asubuhi, kwa sabuni ya unga, ukuta hadi ukuta. Maana yake dawa yote iliyokuwa kwenye kingo imeingia kwenye ndoo na kumwagwa uani. Maelekezo niliyoyaacha kwenye karatasi yanasema fagia kila siku, tena kwa nguvu, maana mtikisiko unaamsha waliomo vifukoni, lakini usipige deki kwenye kingo mpaka marudio. Katikati ya chumba futa kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Kapeti la manyoya la sebuleni halikuinuliwa. Hili kapeti refu linalopendwa siku hizi ni makazi bora kuliko yote: giza chini, joto katikati, na paka juu. Nikalikunja pembe moja, nikapangusa sakafu kwa karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa. Zikashika punje nyeusi. Baada ya nusu dakika kila punje ikatoa duara la wekundu wa kutu. Vumbi la kawaida halifanyi hivyo. Hiyo ni damu ya paka iliyopitia tumboni mwa kiroboto, na ndicho chakula cha mabuu. Mama akainama, akaangalia, akanyamaza kidogo. Kisha akasema kapeti ni zito, na wifi yake aliambiwa na mtu kwamba kuna dawa ya kupuliza mara moja tu. Dawa ya mara moja haipo. Anayeiuza anajua kwamba atakapopigiwa simu atakuwa amebadilisha laini.

Tukalitoa nje wawili, mimi na kijana wake. Kapeti kama hilo linachapwa nyuma, si mbele, kisha linaanikwa juani upande wa chini ukiwa juu, siku nzima. Buu anakufa kwa kukauka. Mashuka na kitambaa anacholalia paka ni maji ya moto, nyuzi 60 kwenda juu, yaani maji yanayoanza kutoa mvuke na ambayo mkono hauvumilii. Foronya za makochi zivuliwe, pembe za ndani ya kochi zifagiliwe kwa brashi, na takataka zote zifungwe kwenye mfuko siku hiyo hiyo na kutolewa. Ukiziacha kwenye pipa la jikoni umewahamisha tu.

Wakati tunashughulika na kapeti, kijana akaleta kichupa. "Kaka, nimemnunulia paka dawa ya matone. Duka lilikuwa na ya mbwa tu, wakasema nimwekee nusu."

Hapo nilisimamisha kila kitu. Matone mengi ya mbwa yana permethrini, sumu ya kuua wadudu, kwa kiwango kikubwa, na ini la paka haliwezi kuivunja. Nusu haisaidii, wala robo. Ndani ya saa chache anaanza kutoa mate, masikio na misuli inarukaruka, anatetemeka, kisha degedege. Mtu akishamwekea, amwoshe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, amfunge kwenye taulo asijilambe, akimbie kwa daktari wa mifugo. Asisubiri dalili.

Vivyo hivyo dawa ya unga wanayopakwa kuku. Kuku hajilambi, paka hujisafisha kutwa, na chochote ukichomwekea mgongoni kitafika tumboni. Mafuta ya taa yanachoma ngozi. Kitunguu saumu kinaharibu chembe zake za damu. Nayasema haya kila nyumba na kila nyumba kuna jirani aliyesema kinyume.

Paka mwenyewe ni kazi ya daktari wa mifugo, lakini chanuo natembea nalo. Nikamweka kwenye taulo, nikachana kuanzia shingoni kurudi nyuma, na zaidi sehemu ya mgongo karibu na mkia, ambako hupenda kujazana. Kila mchano unachovya chanuo kwenye bakuli la maji yenye sabuni. Bila sabuni kiroboto huelea na kuruka nje. Sabuni inavunja utando wa juu wa maji na anazama. Paka akiogeshwa, anza na povu zito kuzunguka shingo, la sivyo wote wanapanda usoni na masikioni. Kitoto cha chini ya wiki 8 ni chanuo tu, kila siku, na akiwa na fizi nyeupe ni hospitali, maana viroboto wengi humkausha damu. Mkubwa hutumia matone ya paka. Yale yenye fipronili, dawa ya kuua viroboto, ni mililita 0.5, unagawanya manyoya nyuma ya shingo ambako ulimi haufiki, unabana kichupa ngozi ionekane imelowa. Kuwekea juu ya manyoya ni kupoteza pesa. Usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada. Rudia kila wiki 4, na paka wote wa nyumba siku moja, hata yule anayeonekana hana. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele kwenye mkia wake, amemeza kiroboto mwenye tegu. Daktari ampe dawa ya minyoo pia.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoanza kuchanganya dawa. Saba, labda nane. Ndani ya ovaroli na barakoa, mchana wa Dar, jasho linaingia machoni na huruhusiwi kulifuta kwa glavu. Sebule ni mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20. Lebo ya deltamethrini, dawa ya kupuliza ninayotumia, inataka mililita 50 ndani ya lita 5 kwa mita 100 za mraba, kwa hiyo hapa ni lita 1 ya maji na mililita 10 za dawa, pamoja na kiasi cha pairiproksifeni kwa mujibu wa lebo yake, ile inayozuia mayai na mabuu kukua. Kuzidisha hakuongezi kitu zaidi ya sumu kwa wenye nyumba. Maji nusu kwanza, dawa, maji yaliyobaki, tikisa. Unaanzia kona ya mbali ukirudi nyuma kuelekea mlangoni: kingo zote, nyufa, chini ya makochi, uvunguni, nyuma ya gunia la mkaa ambako paka hulala wakati wa mvua. Ukuta sentimita 30 tu kutoka chini. Sakafu ilowe, isitiririke. Vyombo vya chakula na ndege wa kufugwa viwe nje, tangi la samaki lifunikwe na pampu yake izimwe, maana deltamethrini kwa samaki ni kifo. Paka na watoto hawarudi kabla haijakauka kabisa. Nasema wasubiri muda wa saa nne, madirisha wazi.

Mama akaomba nipunguze bei kwa sababu "si ulikuja juzi". Nikampunguzia usafiri.

Baadaye Mbagala. Nyumba ya kupanga, hakuna paka, watoto wana miguu yenye vipele. Mpangaji aliyehama alikuwa na paka watatu, nyumba ikakaa tupu, na wageni walipoingiza vitanda mtikisiko ukawaamsha wote kwa pamoja. Vumbi kwenye nyufa lilitoka kopo zima. Nilimaliza taa zikiwa zimewashwa, mgongo umekufa ganzi pale mkanda unapokaa.

Bomba linasuuzwa mara tatu, na maji ya suuza yanapulizwa pale pale palipopulizwa dawa. Kwenye mtaro hayaendi kamwe. Kopo tupu linatobolewa lisije kuwa la kuchotea maji. Ovaroli inafuliwa peke yake.

Niko kwenye daladala simu ikaita. Kijana wa Tabata: "Kaka, mama anauliza, harufu imeisha, tupige deki?"

"Kingo msiguse. Nakuja tarehe kumi na tisa."

"Na kapeti tulirudishe?"

"Mpaka tarehe kumi na tisa."

Nikasikia mama nyuma yake akisema wageni wanakuja Jumapili.