Maneno katika daftari la vipimo

Kondele, Jumapili usiku

Leo mchana nilikuwa mkekani nachambua omena, binti yangu amenining'inia mgongoni, mara paka wa jirani akachungulia mlangoni. Mtoto akamnyooshea kidole, akasema, "Paka, bi!"

Niliweka ungo chini. Paka, njoo. Maneno mawili kwa mpigo, moja la Kiswahili, moja la Kijaluo, na hakuna aliyemfundisha kuyaunganisha. Ana miaka 2 na miezi 7. Mama ambaye wa kwake alianza kusema mapema huenda asielewe kwa nini machozi yalinitoka.

Tulipompeleka kliniki akiwa na miezi 18, kwa chanjo ya pili ya surua, muuguzi alifungua kijitabu chetu akauliza mtoto anasema maneno gani. Nikajibu kwamba anaelewa kila kitu. Akaniangalia kwa upole: "Nimeuliza anasema nini, mama." Nilikuwa na neno moja tu la kumpa, nalo lilikuwa "mama". Alinisihi nirudi upesi nikiona hakuna mabadiliko. Nilikaa karibu mwaka mzima. Kila niliyemwambia alikuwa na mtoto wa ndugu yake aliyechelewa kisha akaja kusema vizuri, na maneno hayo yalinipa usingizi. Shangazi mmoja alishauri tumpeleke kwa mzee fulani amkate kilimi. Hilo nilikataa, na ningelikataa tena leo. Kilimi hakimzuii mtoto kusema, na wembe kooni unaleta damu na vidonda.

Hatimaye tulipofika kwa mtaalamu wa usemi, jambo la kwanza alilotaka ni masikio yapimwe. Nilibisha. Huyu mtoto akisikia tuktuk ya baba yake hukimbilia mlangoni! Lakini vipimo vilionyesha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, masikio yote mawili, mabaki ya mafua yasiyokwisha ya msimu wa mvua. Nilielezwa kwamba mtoto wa namna hiyo anasikia kama mtu aliyejifunika blanketi. Mlio wa tuktuk unapita, lakini sauti nyembamba za s, f na sh zinapotelea njiani. Mara nyingi majimaji hayo hukauka yenyewe kwa muda wa miezi 3 hivi, kwa hiyo tukapangiwa siku ya kurudi. Miezi yote hiyo nilikuwa namwita kutoka kwenye cherehani, nikiwa nimempa mgongo. Sasa nikitaka kumwambia kitu nainuka, nachuchumaa mbele yake, aone mdomo wangu.

Kisha mtaalamu akaniuliza swali ambalo bado nalifikiria nikishona: nikiwa na furaha, naongea lugha gani? Kijaluo, nikamwambia, na Kiswahili na wateja. Na na mtoto? Kiingereza. Tuliambiwa kuwa asipokijua mapema atateseka shuleni, na kwamba lugha tatu ndizo zilizomchanganya akili. Kumbe sivyo. Lugha nyingi hazimfanyi mtoto kuchelewa kusema, na maneno yake yanahesabiwa kutoka lugha zote. Akisema "pi" ya Kijaluo na akisema "maji", hayo ni mawili. Watoto wengi wakifika miaka 2 huwa na maneno kama 50 na wameanza kuunganisha mawili mawili. Wangu alikuwa na 9, tukihesabu na "mee" ya mbuzi, ambayo nayo ni neno kwa sababu hamwiti nayo mwingine ila mbuzi.

Usiku ule nilikaa nikajisikiliza. Kiingereza changu nyumbani kilikuwa cha amri tu. Keti, kula, acha, njoo hapa, nyamaza. Sikuwa na Kiingereza cha kumsimulia jinsi mvua ilivyotunyeshea nikitoka soko la Kibuye, wala cha kumtania, wala cha kumbembeleza. Nilikuwa nimemfungia nje ya utajiri wote nilio nao mdomoni, nikidhani namsaidia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko majimaji ya masikio, maana masikio sikuyajua.

Na simu. Msimu wa harusi nilikuwa namwachia katuni tangu asubuhi hadi nimalize oda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuwa mtoto wa miaka 2 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Sasa simu inalala kwenye droo ya nyuzi. Inatoka jioni Dana, nyanya yake, akipiga kutoka Bondo, nao wanaonana uso kwa uso, maana Dana akiuliza hungoja ajibiwe. Katuni haimngojei mtoto.

Kungoja ndiko kulikonishinda zaidi. Nilikuwa mwepesi: akigusa kikombe, nimeshamjazia, akinyoosha mkono, nimeshampa. Au nilimgeuzia mtihani: hii ni nini? Sema ng'ombe. Sema! Naye alikuwa anafunga mdomo kabisa. Niliambiwa nifuate macho yake, nitaje kile anachokitazama, kisha ninyamaze nihesabu hadi 10 moyoni. Na asiposema nimpe tu maji yake huku nikitaja neno, nisimtese kwa kiu. Kumi ni nyingi sana kwa mtu anayehesabiwa oda! Siku ya nne, nikiwa na kikombe mkononi, nilifika 7, akaniangalia, akasema "pi". Nikamwongezea moja tu: "Pi baridi." Hatujaacha tangu siku hiyo.

Sijanunua chochote kwa ajili ya hili. Nikishona namwambia ninachofanya. Nakata. Nakata chekundu. Hiki cha dada wa kwaya. Kisha nanyamaza. Yeye hunipa vifungo kimoja kimoja, tunavitaja kwa rangi. Kuoga ni zamu ya baba yake, na kupitia ukuta nasikia mkono, lwedo, sikio, it, halafu kimya kidogo, halafu sauti yake ndogo. Baba huyu alikuwa haongei na watoto, akisema wakikua ndipo watazungumza. Siku hizi akichelewa kurudi na tuktuk, anapiga simu kusema tusimwogeshe bado.

Bado hasemi s. Sukari ni "tukari". Mtaalamu anasema sauti hiyo huchelewa kwa watoto wengi na nisimkosoe, nimrudishie tu neno likiwa zima: ndiyo, sukari. Watu wa ploti wanamrudishia "tukari" kwa kumpenda, nami nimewaomba waache.

Maneno yake nayaandika katika daftari la vipimo kwa kuwa ndilo liko karibu nami siku nzima. Ukurasa wa leo una gauni la mteja, kifua 38, kiuno 32, urefu 45, na chini yake hesabu ya maneno yake: 44, paka bi. Jumanne tunarudi kupimwa masikio. Nitalibeba daftari.