Chumvi niliyokuwa naila bila kuiona

Mtu akikuambia "kula vizuri" halafu akanyamaza, hajakuambia kitu. Mimi niliambiwa hivyo mwaka mzima. Presha ilisoma 148 kwa 94, nikarudia kupima siku nyingine mbili, ikagoma kushuka chini ya 140 kwa 90. Baba yangu alipata kiharusi kabla hajafika miaka 60, kwa hiyo hofu niliyokuwa nayo haikuwa ya kubuni. Daktari alinipa miezi michache nijaribu kurekebisha chakula na kutembea kabla ya kuanza dawa.

Ushauri ukamiminika. Shangazi akasema niache wanga wote. Mwenzangu mmoja kazini akaniapia kwamba chumvi ya waridi haina madhara, nami nikaitafuta na kuinunua kwa bei iliyoniuma. Chumvi ile karibu yote ni sodiamu kloridi, kama ya kawaida tu. Rangi haipunguzi chochote. Mwingine akanipa mpango wa juisi za "kusafisha damu". Hizo nilikunywa wiki tatu nzima. Machungwa manne au matano kila asubuhi, nakunywa kwa mkupuo, na kufika saa nne njaa inanikata, nakimbilia biskuti. Ukilikamua tunda, nyuzinyuzi nyingi zinabaki kwenye chujio na unakunywa sukari ya machungwa ambayo kwa kutafuna usingeyamaliza. Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongezwa, na linataka sukari hizo zisifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Siku hizi nakula chungwa lenyewe, moja, linanitosha.

Baada ya juisi nikaamua kufuta chumvi yote kwa mara moja. Sikutia hata punje. Siku ya nne kila mtu nyumbani alikuwa anajipikia chake, na mama alisogeza sahani akaniambia, "Mwanangu, hiki nakula kwa kukuhurumia wewe." Kilichonikera zaidi ni kwamba baada ya siku kumi nilipima, presha ikasema 146.

Nilikaa jikoni jioni ile nikatoa kila kilichokuwa kabatini, nikaanza kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Hapo ndipo nilipolipata jambo ambalo hakuna mshauri hata mmoja aliyenigusia. Pakiti nyingi haziandiki chumvi, zinaandika sodiamu, ambayo ni sehemu tu ya chumvi. Zidisha sodiamu kwa mbili na nusu, unapata chumvi. Vile vipande vya kukolezea mchuzi, ambavyo niliendelea kuvitumia nikiamini nimeacha chumvi, vilikuwa na sodiamu gramu 20 kwa kila gramu 100. Maana yake nusu ya kipande ni chumvi! Kipande changu kilikuwa na uzito wa gramu 10, kwa hiyo chumvi gramu 5, na kiwango ambacho mtu mzima hatakiwi kukivuka kwa siku nzima ni hizo hizo 5. Mimi nilikuwa natia vipande viwili kwenye sufuria ya watu watatu. Nikaendelea kupiga hesabu: mkate, jibini, soseji, maharage ya kopo. Chumvi niliyokuwa nainyima familia kwa kijiko ilikuwa ndogo kuliko hii.

Vipande nikaviacha kabisa. Chumvi ya kijiko nikairudisha, kisha nikawa naipunguza kidogo kila wiki, maana ulimi huzoea ukipewa muda wa wiki kadhaa. Ndimu nakamulia sufuria ikishaepuliwa, siyo ikichemka. Uchachu unabaki mkali na chumvi haikumbukwi. Maharage ya kopo nayasuuza kwa maji mengi, sehemu ya chumvi inaondoka nayo. Mboga na matunda nilipima kwa mizani siku chache za mwanzo ili nijue gramu 400 zinazopendekezwa kwa siku zinafananaje, na ni nyingi kuliko nilivyodhani. Kwenye orodha ya viambato, kinachotangulia ndicho kingi. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili narudisha pakiti. Ila chumvi mbadala zenye potasiamu usizichezee ikiwa una ugonjwa wa figo au unatumia dawa za presha, muulize daktari kwanza.

Miezi mitano baadaye nilipimwa: 131 kwa 84. Daktari amesema tuendelee kufuatilia, dawa bado.

Shangazi alikuja kula mchana juzi. Aliongeza mara mbili, akauliza nimetia nini kwenye maharage. Kitunguu saumu, nyanya, ndimu. Naye presha inamsumbua, kwa hiyo nilimwandikia kwenye karatasi "sodiamu mara mbili na nusu", akaikunja na kuitia kwenye mkoba wa miwani yake.