Siku nlizokuwa naitwa Fo

Mwaka 2014 nlikuwa nafanya kazi hoteli moja ya Kiwengwa, Unguja, jina naliwacha maana wenzangu wengine bado wako pale. Kazi yangu ya kwenye karatasi ilikuwa kugawa taulo na raketi, lakini kwa vile nlikuwa najua kuurudisha mpira, mgeni akikosa wa kucheza naye tenisi naitwa mie. Na mie ndo nlokuwa nalishika buku la kiwanja, buku kubwa jalada jeusi, lina safu ya jina, chumba, saa, raketi ngapi kachukua, na mwisho kabisa pana safu ya levo, yaani kiwango chako cha kucheza.

Hiyo safu ya mwisho ndo ilokuwa starehe yangu. Karibu kila mtu anaandika intamidiyeti, yaani wa kati. Kashika raketi kama upawa wa mchuzi, intamidiyeti. Mwengine anaupiga mpira mpaka waya wa uzio unalia, na yeye intamidiyeti vilevile, kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa halikwambii kitu. Kuna Mfaransa aliandika 30/2 mie nkajua huyu kakosea safu kaweka namba ya chumba, nkamfutia nkamuandikia intamidiyeti, kumbe baadae sana nkaja kujua kuwa kwao Ufaransa ndivyo wanavyopangwa: ukianza kupewa daraja uko 40, halafu 30/5, 30/4, unapanda hivyo mpaka 30, halafu zinaanza za 15, mpaka unafika sifuri na wakali wanapita sifuri wanakwenda kwenye hasi. Yaani mtu kanipa jibu sahihi kuliko wote wa mwaka ule na mie nkalifuta kwa rababu.

Sie wafanyakazi tulikuwa watu sita saba tunaocheza, jioni wageni wakishakwenda kuoga. Namba hatukuwa nazo. Kwetu levo ni nani kamfunga nani: jamaa wa bustani ananifunga siku akiwa hajachoka, mie namfunga jamaa wa baa, jamaa wa baa anamfunga mlinzi wa pwani, na mlinzi wa pwani kwa maajabu ya Mungu anamfunga jamaa wa bustani, hapo hesabu inavurugika tunaanza kubishana mpaka magharibi. Na sifa zetu zilikuwa za maneno, huyu ana mkono, huyu ana mbio lakini mkono hana, huyu bingwa wa mazoezi, maana yake tukiwa tunarushiana tu hakosi, mkianza kuhesabu anatetemeka.

Sasa miezi michache kabla ya siku ninayoisimulia alikuja Mmarekani mmoja, kijana, nkamfunga seti moja asubuhi ambayo usiku wake alikuwa baa mpaka wanafunga. Akanipiga piga begani akanambia we ni fo-pointi-ziro wa wazi kabisa. Nkamuuliza ndo nini, akanieleza kwao kuna ngazi zinaanza 1.0 mpaka 7.0, zinapanda nusu nusu, 7.0 ndo hao wanaokula kwa tenisi, na watu wa ligi za mitaani wengi wao wako baina ya 3.0 na 4.0. Mie nkapiga hesabu palepale. Nne katika saba! Na mwalimu sijapata kuwa naye hata siku moja, nimejifunza kwa kuokota mipira na kutizama.

Nlikosea kumwambia jamaa wa baa. Mpaka chakula cha usiku hakuna wa jikoni wala wa londri asojua, na jina langu likafa siku ileile. Fo. Fo njoo, Fo taulo zimekwisha, Fo meneja anakuita. Na mie nikalipenda, nisiseme uongo. Nkafika mpaka kujiandika kwenye buku, nikicheza na mgeni naandika jina lake na levo yake, chini yake langu, na pale mwisho 4.0, kwa wino wa buluu.

Ikaja Agosti, Idi imeshapita, kusi linavuma mpaka minazi imelala upande mmoja. Akaja bi mkubwa mmoja wa Kimarekani, miaka sitini na kitu, goti moja kalifunga bandeji ya mpira, kofia ya kipeo tu haina juu, na begi lina raketi tatu zinazofanana. Nkamsogezea buku. Akaandika jina, chumba, na pale mwisho bila kufikiri, 3.5.

Nkamuonea huruma wallahi. Nkamwambia, "Mama, mie fo, lakini usijali, ntacheza polepole." Akanitizama akacheka kidogo akasema sawa, asante.

Watu walikuwa wamepata habari. Jamaa wa bustani kawacha mpira wa maji unamwagika kwenye maua kaja kusimama kwenye uzio, jamaa wa baa kaja na trei mkononi ili akiulizwa aseme anapeleka kinywaji, na mabinti wawili wa usafi wako kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza na mashuka yao. Yule mama akatoa kwenye begi kopo jipya la mipira, akavuta kile kifuniko cha bati. Tsss. Ikatoka ile harufu, kama viatu vya mpira vipya ukivitoa kwenye boksi, na mipira yenyewe ina manyoya ya njano yamesimama wima.

Hapa inabidi nieleze. Sie mipira yetu ilikuwa ile waliyokwishaichoka wageni. Imekaa kwenye ndoo ya rangi nyuma ya kaunta, imepigwa na jua na chumvi ya bahari, upara mtupu, ukiiminya inaingia ndani kama embe lililoiva. Mpira wa hivyo unaweza kuupiga kwa nguvu zako zote za mbinguni na ardhini na bado utaanguka ndani ya kiwanja, kwa sababu hauna pumzi. Mie forhendi yangu yote, lile pigo la upande wa mkono wa raketi, nlijifunzia mipira hiyo. Na hata ile ya kugawia wageni, meneja alikuwa mbahili, kopo moja linakwenda wiki tatu.

Mpira wa kwanza alonipa ulikuja pazuri kabisa, usawa wa kiuno, nkauvutia forhendi yangu ile ile inayonifanya niitwe Fo. Ukapita juu ya neti, ukapita juu ya mstari, ukapita juu ya uzio, ukaingia kwenye mti wa mkungu. Jamaa wa bustani akaufata. Wa pili ukagonga uzio bila kudunda chini. Nkasema ah, bado sijapasha. Wa tatu nkauogopa, nkaupunguza, ukafia kwenye neti. Na hapo ndo ukawa ushaniharibu, maana kuanzia hapo nkawa sijui nipige kiasi gani, kila mpira najadiliana nao njiani.

Yeye hakuwa na nguvu. Ndo kitu kilichoniuma, ningefungwa na mtu anayepiga mabomu ningelala. Slaisi yake, mpira wa kukata, inakuja polepole, unajiambia huu wangu, ukifika chini hauinuki, unateleza tu kwenye saruji kama sabuni bafuni. Nikisogea mbele kuuchota, ananirushia lobu, mpira wa juu wa kunipita kichwani. Na lile kusi! Mie mtoto wa pale, upepo ule naupumua tangu nazaliwa, na yeye wa siku mbili tatu tu ndo anautumia: akiwa upande unaomjia usoni anauinua mpira juu mpaka kwenye vichwa vya minazi, upepo unaurudisha, unashuka karibu na mstari kama umetumwa, mie nikijaribu kitu hichohicho upande wa pili naupeleka baharini. Halafu sevu, ule mpira wa kuanzia. Ya kwanza yangu kali, inaingia moja katika tano labda. Ya pili naibembeleza kama yai, na yeye anasogea hatua mbili ndani ananisubiri, utadhani anasubiri daladala ya 117.

Sita moja, sita sifuri. Ile moja nilipata kwa sababu alipiga dabo folti mbili, yaani sevu zote mbili zinakosa, kwenye gemu moja, na jamaa wa baa akapiga makofi na trei.

"Fo," akaniita jamaa wa bustani kutoka kwenye uzio, "hebu mwambie sasa acheze na yeye polepole."

Nkawaambia nimefunga sita. Si ndo mwezi wa kufunga zile siku sita za sunna baada ya Idi, Mfunguo Mosi. Mabinti wa roshani wakaangua kicheko maana asubuhi ile tulikuwa nao pamoja kwenye chai na mie nilikula chapati tatu.

Tukakaa kwenye benchi mie na yule mama, kivuli cha mkungu, akawa analifungua goti lake. Akaniuliza bila ubaya, nani alokwambia we fo? Nkamueleza yule kijana. Akasema, ah, hiyo ni bakshishi, wenzetu wanakupa namba badala ya dola. Nkacheka lakini iliniingia.

Basi akanieleza, na huyu alikuwa anajua maana kwao ni kapteni wa timu ya ligi na kila mwaka anapigizana kelele na watu juu ya jambo hilohilo. Akasema mtu anajipima kwa mpira wake mzuri kuliko wote alioupiga wiki ile, wakati levo yako ni ule mpira wa kawaida unaoupiga ukiwa umechoka, thati foti, yaani mwenzako kabakisha pointi moja alichukue gemu lako, na mtu anakutizama. Ile orodha ya ngazi zao inauliza vitu vya kuchosha tu. Wa 2.5 ndo anajifunza kukisia mpira unakwenda wapi, anaweza kurushiana taratibu na mwenzake kidogo. Wa 3.0 mpira wa kasi ya wastani anaurudisha, lakini akitaka kuupeleka anakotaka au kuupa nguvu, mambo yanamharibikia. Wa 3.5 kaanza kuuelekeza, kina na aina za mapigo ndo hana. Wa 4.0 pande zote mbili, forhendi na bekhendi, anauelekeza na anaupeleka mpaka nyuma, na voli, yaani kuupiga kabla haujadunda, na lobu anazipata pata. Na mwanzo unaweza kujitaja mwenyewe, lakini ukishaingia ligi hesabu inafanywa na kompyuta kwa matokeo yako, haitizami una mkono mzuri wala raketi ya bei gani.

Nkamuuliza, sasa nyie huko hamdanganyani? Akasema eeh, lakini wabaya wao ni wa upande mwengine, wanaojishusha. Mtu ni 4.0, anajiandikisha 3.5 ili awapige wadogo apate kikombe. Hapo nkamuelewa haraka kuliko yote alosema, maana nna ami yangu Kikwajuni anacheza bao barazani, na hajapata hata siku moja kusema anajua bao. Mie nabahatisha tu mwanangu, mie najifunza. Anakuachia unanamua, unaingiza kete zako weee, unajiona fundi, halafu anaila nyumba yako na kete zote na kikombe chako cha kahawa kinapoa hujui uanzie wapi. Kwenye bao akisema mtu mie fundi, watu wazima hata hawageuki kumtizama. Sasa mie nlokulia kwenye baraza ile sijui nilipata wapi ushujaa wa kujiandika nne kwa wino.

Yule mama akasimama, akatoa mpira mpya mmoja, akaniambia nilete na wetu mmoja wa kwenye ndoo. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa akaiachia pamoja. Mpya ukarudi mpaka kiunoni. Wetu ukafika gotini, tena goti lile lenye bandeji. Akasema mpira halali ukiuangusha kutoka sentimita 254 unatakiwa urudi baina ya 135 na 147. Akauokota ule wa kwetu akauminya, akaniangalia, akaniambia kitu ambacho mpaka leo sijui kilikuwa sifa au pole: ukiweza kumkimbiza mtu kwa mpira huu, basi miguu yako ni mizuri sana.

Siku nne zilobaki alicheza nami kila asubuhi, sa moja, kabla upepo haujachachamaa, na kazi yake ilikuwa moja tu, niurudishe mpira mpya ndani mara kumi mfululizo. Siku ya mwisho nilifika nane.

Alipoondoka nikalifungua buku kuandika mgeni mwengine, nikakuta karudi kwenye ule mstari wangu wa siku ya kwanza. Ile 4.0 ya wino wa buluu kaichora mstari mmoja, vizuri, kama mwalimu wa skuli, na pembeni kaandika kwa peni nyekundu: 3.0, mipira ya zamani. Chini yake: 2.5, mipira mipya.

Sikuwahi kulifunga. Jamaa wa baa alikuwa keshanisimamia mgongoni anasoma kwa sauti. Na lile Fo nlolizoea likafa jioni ile ile, lilivyozaliwa. Mpaka leo nikishuka kwenye daladala Kiwengwa kuna mtu atanipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Tuu na Nusu! Mipira mipya au ya zamani?"